Miji Mikuu ya Baba

11 Januari

Dada yangu,

Kaa kwanza. Kama umesimama jikoni vuta kigoda, maana habari hii haisomwi wima. Mdogo wako nina bahati, Dada. Bahati yangu ikigawiwa mtaa mzima, kila nyumba ikapata sinia lake, mimi bado nitabakiwa na ya kuvalia Jumapili. Nyota yangu imewaka mpaka majirani wanagonga ukuta niizime walale.

Nimeshinda tiketi ya ndege!

Usiniulize nimeiba wapi. Nimeshinda kwa kichwa hiki hiki ambacho mwalimu wetu alisema kinafaa kubebea ndoo.

Unaijua ile baa ninayofanyia kazi, ambayo bila mimi hakuna soda inayopoa wala mlevi anayefika kwake. Kila Jumatano hapa ni Usiku wa Maswali. Watu wanajipanga kwa meza, kila meza inajipa jina, na muuliza maswali anashika maiki. Tunamwita Profesa. Mchana anauza spea za pikipiki, lakini mpe maiki uone, anaongea kama yeye ndiye aliyeichora dunia na kalamu bado anayo mfukoni. Meza yetu inaitwa Vichwa Moto: mimi, Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na Dereva wa lori la vitunguu. Siku zote tunashindania kreti la bia. Safari hii kampuni moja ya vinywaji ilileta zawadi ya kufungia msimu: tiketi ya ndege, kwenda na kurudi, popote mshindi anapotaka.

Dada, niliwaka. Shingo ya twiga ina mifupa mingapi? Saba, sawasawa na shingo yako wewe, mtu asikutishe. Pweza ana mioyo mingapi? Mitatu, na bado hana wa kumpa. Mtu mzima ana mifupa mingapi? Mia mbili na sita, na yangu yote inauma. Mwisho tukabaki meza mbili, sisi na manesi wa meza ya mlangoni, wanawake wanne wasiocheka, wanaandika majibu kama wanaandika dozi. Pointi sawa. Profesa akasema litaamua swali moja, wa kwanza kusimama ndiye wa kujibu. Akakohoa makusudi. Akauliza: mji mkuu wa Uturuki?

Moyo ulinipiga teke. Nililiona kabati la Baba pale pale katikati ya chupa. Vile vishubaka alivyovigongelea mwenyewe kwa mbao za masanduku, mfano wa vile vya posta alikopangia barua maisha yake yote, kila kishubaka na nchi yake, kila nchi na mji wake. Watoto wa wenzetu waliimbiwa walale, sisi tulishikishwa bahasha. "Brazili?" "Rio!" "Kanada?" "Toronto!" Aliyepatia alikalia kiti cha dirishani. Kinyozi ananivuta shati, anataka kuninong'oneza kitu. Nikamwambia wewe nyoa ndevu, dunia niachie mimi. Nikasimama nikapaza sauti: Istanbul!

Baa nzima ilisimama, Dada. Mpaka mpishi alitoka na mwiko.

Basi nakuja. Ile operesheni ya macho yako unayoiahirisha kila mwaka kwa kukosa wa kumwachia mzee, ipangie tarehe. Mimi nitakaa naye. Mwambie Baba kijana wake ameshinda kwa kabati lake.

Mdogo wako mwenye nyota,
Redio


24 Januari

Mdogo wangu Redio,

Barua yako imefika. Kwanza aliishika Baba. Amekaa nayo asubuhi nzima, akasoma stempu, akanusa gundi, akaigeuza kwenye mwanga. Akaniambia, "Hii imelala mahali siku mbili. Msimamizi wa zamu aandike maelezo." Baada ya hapo akanywa uji wote bila ugomvi. Ndiyo maana nakuomba uendelee kuandika hata kama huna la kusema. Bahasha moja inaninunulia siku ya amani.

Simu hatuna tena. Aliifunga kwenye bahasha ya kaki, akaigonga muhuri kwa kizibo cha chupa ya dawa, akaenda kuitumbukiza kwenye tundu la choo. Kwake lile ni sanduku la posta. Nilisikia ikilia huko chini, nadhani ulikuwa wewe unapiga.

Naisoma barua yako kwa jicho la kulia, karatasi imegusana na pua. La kushoto limeshaweka ukungu mzito, taa naiona kama yai. Kwa hiyo usishangae herufi zangu zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Naandika kwa kukumbuka mkono unakotakiwa kwenda.

Kuna neno moja nilitaka kulimeza, limekataa kushuka. Mji mkuu wa Uturuki ni Ankara.

Najua kwa sababu nilichapwa. Darasa la sita, mbele ya wote. Wa Brazili si Rio, wa Kanada si Toronto, wa Uswisi si Zuriki. Niliyakosa yote siku moja, mwalimu akadhani namfanyia mzaha. Niliporudi nikamuuliza Baba. Akaniangalia kama nimemtukana mama yake. Akasema, "Barua za Uturuki zinaenda Istanbul. Hiyo Ankara sijawahi kuifungia gunia hata moja." Kwake mji mkuu ni ule ambao barua zinapitia, mingine yote ni vitongoji. Marehemu Mama alinifinya chini ya meza. Tangu siku hiyo nikawa na majibu mawili, la shuleni na la nyumbani. Wewe uliacha shule kabla hawajafika kwenye ramani, na mimi sikuona haja ya kukuharibia.

Labda na Profesa wenu hajui. Kama hajui, Mungu amzidishie ujinga. Mimi nimechoka, Redio, sina nguvu ya kuuliza swali la pili. Tiketi ni tiketi.

Hospitali wamenipa tarehe 14 Machi. Ni kazi ndogo, usiogope. Tatizo ni baada ya hapo: daktari kasema kwa wiki kadhaa nisiiname na nisinyanyue kitu kizito. Na Baba ni kitu kizito. Njoo kabla ya siku hiyo.

Baba anakusalimia sana. Amefurahi kusikia umeshinda.

Dada yako


6 Februari

Dada yangu,

Umenichekesha mpaka Bosi kaniuliza kama nimekunywa stoo. Yaani ulichapwa kwa ajili ya Zuriki! Na ukanyamaza miaka yote hii, ukaniacha natembea duniani na kabati lenye kasoro kama mtu aliyevaa suruali iliyochanika nyuma, anasalimia watu kwa heshima!

Kuhusu Profesa, umelenga palepale. Hajui. Hapa kwetu Profesa akisema ndiyo, basi ni ndiyo, hata ramani ikilia. Alisema Istanbul, ikawa Istanbul, na manesi wakanuna. Kwani wewe unataka nirudishe tiketi nikawaambie samahani, dada yangu alichapwa darasa la sita? Bahati ikibisha hodi huiulizi cheti.

Ila tiketi zina mambo yake. Kuna karatasi ya masharti, maandishi madogo kama mayai ya chawa, hata mtu mwenye macho mazima anakonyeza. Lazima igongwe muhuri mahali fulani, halafu kampuni ithibitishe, halafu waniambie siku zilizo wazi. Nalifuatilia. Nikiwa na nafasi, maana kazi zimezidi. Mwenzangu wa kubeba kreti ameacha, kwa hiyo nimebaki mimi peke yangu kama jino la mbele la mzee. Nalala palepale stoo siku hizi, ni karibu na kazi, mtu unaamka umeshafika. Mgongo unalalamika kidogo. Nimeuambia usubiri zamu yake.

Jumatano iliyopita sikucheza. Nilikuwa nafuta meza. Profesa aliuliza ni ndege gani mkubwa kuliko wote na hawezi kuruka. Kinyozi akanionyesha mimi kidole. Watu wamecheka mpaka basi.

Niambie, Baba alisemaje hasa uliposema nimeshinda? Nataka maneno yake, usinifupishie. Alisema "kijana wangu"?

Redio


20 Februari

Redio,

Nafupisha kwa sababu mwanga ni mdogo.

Godoro lako nimelianika. Shuka nimezifua. Chumba kile cha nyuma kilikuwa na magazeti ya Baba, nimeyahamishia barazani, na yeye ameyarudisha, na mimi nimeyahamisha tena. Wiki nzima tunafanya kazi hiyo kama watu wa mshahara.

Juzi alfajiri alitoka na nguo za kulalia kwenda zamu. Nilikuta mlango wazi. Nilitoka nyuma yake bila viatu, sioni vizuri, nikajikwaa kwenye ndoo iliyokuwa ukumbini nikaanguka nayo. Goti limevimba kidogo tu. Watu wa duka la dawa walimkuta amesimama mbele ya benki anagonga dirisha, anawaambia wamfungulie, magunia yanachelewa. Posta haipo pale tangu zamani, unajua. Walimrudisha kwa heshima. Aliwashukuru, akawaahidi likizo.

Uliuliza alisemaje. Alisema vizuri.

Sitaki masharti ya tiketi, mdogo wangu. Sitaki hadithi ya muhuri. Niandikie mstari mmoja: siku gani, saa ngapi. Daktari ananiuliza nani atabaki nyumbani na mimi namjibu "mdogo wangu anakuja kwa ndege". Nimemjibu hivyo mara nyingi mpaka wauguzi wamekuzoea, wanakuita Mheshimiwa.

Baba anakusalimia.

Dada yako


5 Machi

Dada,

Pole na goti. Paka maji ya moto na chumvi. Au maji baridi, nasahau ni yapi, waulize hao wauguzi wangu.

Habari si nzuri sana lakini si mbaya. Kampuni imesema siku za Machi zimejaa. Ndege zimejaa, Dada, yaani watu wote duniani wameamua kusafiri mwezi huu, sijui wanamkimbia nani. Wanasema labda Aprili, labda mwisho wa Aprili. Nimegombana nao pale ofisini kwao mpaka mlinzi akanishika bega. Mimi na sauti yangu unanijua.

Sasa nilifikiri, hospitali si wanaweza kusogeza wiki mbili tatu? Macho yamekusubiri miaka, hayawezi kukosa adabu kwa wiki mbili. Waambie Mheshimiwa ameomba.

Nilikuwa na kichekesho kizuri cha kukuandikia kuhusu yule Dereva wa vitunguu na trafiki aliyekuwa analia. Nitakimalizia siku nyingine. Leo nimeshusha kreti tangu asubuhi.

Mwambie Baba

Hapana, basi. Msalimie tu.

Redio


17 Machi

Kwa Redio,

Huu mwandiko si wa dada yako, ni wangu mimi Fundi, jirani yenu wa ukuta mmoja, mwenye cherehani. Dada yako ameniomba nimwandikie kwa sababu haoni tena mstari. Yeye anasema, mimi naandika. Anasema hivi:

"Mwambie tarehe 14 ilipita, nikawaombea radhi, hospitali hawakunigombeza. Mwambie wamenipa tarehe 9 Aprili. Mwambie asihangaike na watu wa ndege, asije akashikwa na walinzi kwa ajili yangu. Mwambie Baba anamsalimia na anakula vizuri."

Hapo ndipo alipokomea. Amelala kwenye kiti, mdomo wazi, kijiko cha mzee bado kiko mkononi mwake. Kwa hiyo yanayofuata ni ya kwangu, na akiamka sitamsomea.

Wewe kijana, mimi nimekujua unapiga kelele kwenye ukuta wangu ukiwa na meno manne. Sikuogopi. Sikiliza.

Jicho la kushoto limeshakwenda. Si "ukungu mzito", limekwenda, daktari alimwambia tangu mwaka jana na yeye akakuandikia wewe kwamba ni kazi ndogo. Lililobaki ni la kulia, na ndilo linalofunga. Wale mabingwa wa macho hawakai hapa, wanakuja kwa mzunguko, na tarehe 9 Aprili ndiyo siku yao ya mwisho kabla hawajaondoka. Wakiondoka ni mwakani. Daktari kasema mbele yangu: mwakani huenda wakakuta hakuna cha kutibu. Kwa hiyo si suala la wiki mbili tatu. Ni dada yako awe anaona au awe haoni.

Mimi ningemshika mzee, Mungu ni shahidi. Lakini nina mume wa kugeuza kitandani, na baba yenu usiku anapiga mtu. Hajui, lakini anapiga. Dada yako ana alama hapa mkononi anaifunika na kitenge.

Na jambo la pili. Hizo salamu za Baba. Hajawahi kutuma hata moja. Dada yako anazitunga. Nilikuwepo aliposomewa ile barua yako ya ushindi, mimi ndiye niliyemshikia taa. Mzee aliuliza, "Redio ni nani?" Dada yako akamwambia, "Ni kijana wako, Baba." Akasema, "Kijana wangu mimi sina, labda wa zamu ya usiku." Dada yako akanitazama, akacheka, halafu akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Jioni yake akakuandikia kwamba mzee amefurahi.

Sikuandikii haya nikuumize. Nakuandikia kwa sababu nyinyi wawili mnatumiana zawadi za uongo tu, na anayelipia ni jicho.

Sasa wewe si bingwa wa maswali. Nakuuliza moja, na usininong'oneze: tarehe 9 Aprili nani atamshika mzee? Usije ukaniletea jibu la Istanbul.

Fundi


11 Aprili

Dada yangu, wodini,

Kwanza nikusalimie wewe nesi unayemsomea. Shikamoo kama unanizidi, mambo kama hunizidi. Soma pole pole, mwandiko wangu una mashimo kama barabara ya kwetu. Ukifika mahali nimekata, soma na kilichokatwa, nimechoka kuficha.

Dada, Fundi kaniambia kitambaa cha jichoni watakitoa kesho kutwa, na kwamba daktari alitoka chumbani anapiga mluzi. Daktari akipiga mluzi ni dalili njema. Fundi bomba naye anapiga mluzi lakini yule ni kwa sababu hajui tatizo liko wapi. Tushike la daktari.

Juzi pale getini hukuniuliza kitu. Niliruka kutoka kwenye lori hata halijasimama sawasawa, wewe tayari una kifurushi chako mkononi, Fundi kakushika kiwiko. Ukanishika uso kwa mikono miwili, ukaupapasa wote, ukasema, "Umekonda," ukaninusa, ukasema, "Vitunguu." Ukaenda zako. Nimekaa na maneno yako mawili tangu siku hiyo. Ungenitukana ningelala.

Nimekuja na Dereva, juu ya magunia. Nilimsimulia mambo yote alipokuwa anafunga turubai, akaniambia panda, utalipa kwa kushusha mzigo. Nimeshusha vitunguu kwenye masoko ambayo hata majina yake siyajui, nimelia kila soko, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na kisingizio. Bosi alisema ukitoka leo usirudi. Nikamwambia sawa. Ufunguo wa stoo nikamwachia Kinyozi.

Sasa nikupe ripoti ya nyumbani, na wewe nesi usicheke sana, kuna wagonjwa.

Siku ya kwanza Baba aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akauliza, "Wewe ndiye kijana mpya?" Nikasema ndiyo mzee. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo hilo njia nzima, Dada, Fundi alinionya, nikajiambia haitauma. Akasema, "Umechelewa." Nikasema, "Nimechelewa, mzee." Akasema, "Vaa aproni." Nikavaa ile yako yenye maua.

Tangu hapo niko zamu. Anaanza kabla jogoo hajapata wazo. Vijiko vyote vinakwenda kwenye viatu, viatu vinakwenda kabatini, sabuni inakwenda ng'ambo kwa njia ya anga. Nikikosea ananigonga kidole kwa chanuo. Uji nimeunguza mara mbili. Wa tatu ulikuwa mzuri, akakataa kuunywa kwa sababu haukuwa na muhuri. Nikamchorea muhuri kwenye kikombe kwa mkaa, akanywa. Usiku akanipiga kofi nilipokuwa namvua shati, halafu akaniomba msamaha kwa cheo ambacho sina. Nilikaa chini ukumbini, mgongo ukutani. Nilikaa pale ambapo ukuta umepakwa mafuta ya nywele, doa moja, saizi ya kichwa chako. Nikajua hapo ndipo unapokaaga wewe. Nikaweka kichwa changu hapo hapo. Kumbe palishatengenezwa.

Dada, mimi kreti nimebeba. Magunia nimebeba. Huu uchovu wako sijawahi kuukuta sehemu yoyote. Haukai mgongoni. Sijui unakaa wapi.

Jana nilikaa naye mbele ya kabati. Akanishikisha bahasha tupu moja moja. "Australia?" "Sidni." "Uswisi?" "Zuriki." "Brazili?" Nikasema Rio. Nikamwangalia nikafikiri nimwambie, mzee, kuna mji unaitwa Brasilia, wamejenga, wana mataa. Sikumwambia. Alikuwa amefurahi hivyo, nani ampelekee taarifa? Nilijibu yote kama alivyotaka, hata sikukosa moja, na yeye akafunga kabati akaniambia, "Zamu yako imekwisha. Nenda nyumbani, wazazi wako wasiwe na wasiwasi." Nikatoka nje. Nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo pumzika. Lala mpaka ushibe. Fundi amesema ukirudi haruhusiwi mtu kukukuta umeinama, na mimi nimemwambia atakayeinama ni mimi, nimezoea, nimefuta meza za walevi miaka mingi. Siondoki. Sina pa kwenda, na hata ningekuwa napo.

Sasa nesi wangu, hapa punguza sauti. Sogeza kiti karibu na kitanda chake. Kama kuna mgonjwa jirani anayetega sikio, mwambie ageukie ukutani, haya ni ya nyumbani.

Dada, ulijua. Ulijua tangu barua ya kwanza, ukanipa na mlango wa kutokea, ukasema labda na Profesa hajui. Nikapita kwenye mlango huo mbio kama mwizi. Profesa alijua. Kinyozi alijua, ndicho alichokuwa ananinong'oneza. Baa nzima ilisimama, hilo ni kweli, ilisimama kwa kucheka, mpishi na mwiko wake, na nesi mmoja wa meza ya mlangoni akasema Ankara bila hata kunyanyua kichwa. Tiketi wakachukua wao. Mimi nilikuwa nimeshaitunga kichwani barua ya kukwambia nakuja, tangu kwenye swali la pweza. Niliitunga nzuri sana. Nilipokaa kuandika ya kweli mkono ukakataa, nikakuandikia ile nzuri. Halafu ikawa kila barua lazima ilishwe na nyingine. Hakuna kampuni ya ndege niliyogombana nayo. Hakuna mlinzi aliyenishika bega. Ukasogeza tarehe kwa ajili ya ndege ambayo haipo.

Sikushinda tiketi. Sina bahati yoyote. Nilikudanganya.

Redio